Jumamosi tunaipima libva: njooni na laptopu

Habari za jioni ndugu wote. Jumamosi saa nane mchana, pale pale Wandegeya, Kampala. Tutaichukua libva, maktaba ya programu (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) inayoiachia kadi ya picha kazi ya kufungua video, tuone Ubuntu, mfumo wa Linux, inapima vipi kifurushi cha programu kabla ya kukiingiza main, sehemu ya hazina yake ambako Canonical, kampuni inayoitengeneza Ubuntu, yenyewe hubeba dhamana ya marekebisho ya usalama. Universe, sehemu nyingine ya hazina hiyo, ni mzigo wa jamii.

Libva yenyewe ni nyembamba. Inapokea ombi, inalipitisha kwa draiva (programu inayoiendesha kadi), na draiva hupakiwa programu ikiwa tayari inaendeshwa. Kwa hiyo ukisoma orodha ya vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo libva inavihitaji, utaridhika bure: hatari imekaa kwenye draiva, inayopokea data kutoka mafaili ya video tuliyotumiwa na watu tusiowajua. Mimi ningeanzia hapo, mengine baadaye.

Kuijaribu pia kuna kazi, maana seva za kujengea vifurushi kwa kawaida hazina kadi ya picha. Zinahitajika mashine halisi, hata zile kuukuu za mtumba (hizo hasa!).

Kabla ya kuja, sakinisha vainfo, programu ndogo inayoonyesha kadi yako inaweza nini, iendeshe, utume matokeo hapa. Ukiona VAEntrypointVLD mbele ya H264 (aina moja ya video), kadi yako inafungua video hizo. Intel za Broadwell (kizazi cha tano cha Core) na kuendelea zinatumia intel-media-va-driver, za nyuma yake i965-va-driver, AMD mesa-va-drivers.

Chajini betri nyumbani, tafadhali. Umeme wa pale mnaujua.