Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Mlezi wa chama chetu cha kuwasaidia Girl Guides, yaani skauti wa kike, wanakamati, na wanachama wachache mliojaliwa kufika, salaam aleikum na hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulifanya usafi ufuoni, tukapanda mikoko, tukawatembelea wagonjwa. Februari 22, siku waliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave, tuliuza mahamri na kaimati, kwani tangu mwaka 1932 ni desturi ya Girl Guides duniani kutoa chochote siku hiyo kwa ajili ya wenzao. Tulipata shilingi 22,350. Wahisani walitoa 148,500 na ada zilikuwa 37,200, jumla 208,050. Tulitumia 203,300: treni ya kwenda kambi ya Agosti 96,000, basi la kukodi 45,000, chakula 38,600, blanketi na sweta za mitumba 14,200, mafunzo ya viongozi wa patrol, yaani vikundi vidogo vya wasichana, 9,500. Salio ni 4,750. Vitabu viko kwa mweka hazina. Anayetaka kuvikagua aje mchana, asingoje saa tano za usiku kwenye WhatsApp.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa. Kwamba mwenyekiti alikataa mchango, na kwa hivyo wasichana 17 kati ya 45 walioandikishwa kambi ya Agosti kule Nyeri wakabaki nyumbani.

Ni kweli tulikataa. Nasema tulikataa kwa sababu kamati ilikaa na kumbukumbu zipo, ingawa leo naona baadhi ya waliopiga kura wananiachia mzigo peke yangu. Bwana mmoja, ambaye kila mtu anajua macho yake yako kwenye uchaguzi wa 2027, alijitolea mabasi, chakula na fulana za wasichana wote. Fulana zilikuwa na sura yake. Alitaka pia apewe nafasi ya kuwahutubia, na apigwe picha nao mbele ya kaburi la Baden-Powell, lililoko huko huko Nyeri. Nilimuuliza msaidizi wake kama fulana zingeweza kuja bila picha. Akacheka.

Wazazi walitia saini fomu za kambi, hawakutia saini za kampeni. Girl Guides haina chama cha siasa, na mtoto aliyefundishwa kusema anachoamini hawezi siku hiyo hiyo kuvalishwa anachoamini mtu mwingine. Mwenye duka aliyetupa gunia la mchele hakutaka hata jina lake lisomwe leo. Muuza mahamri wa pale stendi alituma shilingi mia mbili kwa M-Pesa akaomba msamaha kwamba ni kidogo. Hao ningewaambia nini, kwamba fadhila yao imekwenda kufungashwa na mabango? Mimi mwenyewe nilijilipia nauli, na sikupenda kulitaja, lakini mmenilazimisha.

Na hao 17, tuhesabu pamoja. Tuko wanachama 84. Waliolipa ada ya shilingi 1,200 ni 31. Zilizobaki mifukoni mwenu ni shilingi 63,600, na msichana mmoja alitugharimu takriban elfu saba. Wasichana tisa wangepanda treni kwa ada zenu peke yake, bila fulana ya mtu. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu mabasi yale, majina yao sitayasoma. Mweka hazina anayo.

Waliokwenda walifaidika. Fedha ya chakula hatukuishika sisi walezi. Kila patrol ilipewa fungu lake, kiongozi wake akaenda sokoni. Mmoja, wa miaka 14, aliambiwa kabichi ni shilingi hamsini. Akaiweka chini, akageuka kama anayekwenda zake, akaitwa. Alirudi kambini anatetemeka kwa baridi ya Nyeri, mkononi ana karatasi ya hesabu yote, kisha akanidai mimi saini kwamba nimepokea chenji ya shilingi 35. Nikatia. Ningepata wanachama sita wa namna hiyo, taarifa hii ingekuwa fupi.

Mahudhurio sina la kuongeza. Mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi, na wa tatu ulifanyika kwa sababu mlinzi wa ukumbi alituitia mama wawili waliokuwa wakipita, kumbe ni wanachama.

Mwakani, inshallah, tunatarajia kuwapeleka wale waliobaki, kwanza wao, na kununua hema zetu wenyewe badala ya kuazima. Pia kuna fikra ya siku moja kumpeleka msichana mmoja kwenye kituo cha dunia cha Girl Guides, Sangam, kule Pune, India. Bajeti bado haijatengenezwa.

Naomba kuwasilisha. Mweka hazina ameketi karibu na mlango na kitabu cha risiti, na chai itatolewa upande huo huo.