Kitambulisho kisiwanyime raia kura

Mhariri,

Nachangia mjadala kuhusu kumtaka kila mpiga kura athibitishe uraia wake kwa kitambulisho cha taifa. Siupingi uthibitisho wenyewe. Daftari la wapiga kura lenye majina ya mashaka huzaa ugomvi. Ila Ibara ya 59 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka Serikali ichukue kila hatua ili raia wote wenye sifa wajiandikishe na kupiga kura. Mzigo huo ni wa Serikali kwanza, si wa bibi kizee wa kijijini asiye na cheti cha kuzaliwa.

Tazama Wamaragoli wa wilaya ya Kiryandongo. Wamezaliwa hapa, wanalima hapa, lakini kabila lao halimo katika Jedwali la Tatu la Katiba, linaloorodhesha jamii za asili za Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926. Kwa sababu hiyo kupata kitambulisho kumekuwa taabu kwao, na bila kitambulisho kura inawapita. Jambo hili linauma sana.

Bunge liirekebishe orodha hiyo. NIRA, mamlaka ya taifa ya usajili na vitambulisho, nayo ipeleke maofisa hadi kwenye parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, mapema kabla ya uchaguzi, na ipokee ushahidi wa wazee na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pale karatasi zinapokosekana.

Msomaji wako,
Masindi