Mgeni wa ufukweni aambiwe saa za maji, apewe choo, aachiwe mchanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu fukwe zetu, hasa za Dar es Salaam na Unguja. Kila likizo ikikaribia tunasikia mipango ya matamasha na mabango ya kuvutia wageni. Kumleta mgeni mara ya kwanza si kazi kubwa, mchanga mweupe na maji maangavu vinamwita vyenyewe. Kazi ni arudi, tena aje na nduguze. Na wanaoapa kwamba hawarudi, aghalabu hawailaumu bahari. Wanalalamikia mambo madogo ambayo halmashauri au mwenye hoteli angeweza kuyamaliza.

La kwanza ni saa za maji. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Sasa chukulia familia ya Dar es Salaam iliyovuka na boti ya asubuhi, ikafika Paje au Jambiani, mashariki mwa Unguja, saa nne na nusu. Inakuta bahari imekimbilia kwenye mwamba, mbali kabisa, na mbele yao ni mchanga mtupu, mwani na madimbwi. Maji yakianza kurudi vizuri, saa saba au saa nane, wao wanaangalia saa wasije wakaachwa na boti ya jioni. Wangeambiwa mapema, wangekwenda Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, ambako mtu huogelea karibu muda wowote, au wangengoja wiki ya maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali hivyo.

Dawa yake ni ubao na chaki. Majedwali ya maji hutolewa na mamlaka za bandari, mwaka mzima ukiwa umeshapangwa. Kosa ninaloliona ni kubandika ukurasa wa mwezi mzima kwa herufi ndogo, tena kwa mtindo wa 16:10, na mgeni wa hapa nyumbani anabaki kukuna kichwa. Andika saa za leo na za kesho tu: yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, kwa saa za Kiswahili na za kigeni. Ubao ukae mahali magari yanaposimama, na hoteli iyatume hayo kwa simu siku mgeni anapoweka nafasi.

Kupwa kwenyewe ni kivutio kwa aliyejiandaa. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, na mashamba yao huonekana vizuri maji yakitoka. Mgeni avae viatu vya mpira, kwa sababu ya wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu ambayo hukatikia ndani ya nyayo. Asikanyage kamba za wakulima. Na aanze kurudi mara tu maji yanapogeuka. Wengi hungoja mpaka maji yawafikie miguuni, hawajui kwamba mifereji ya chini iliyo nyuma yao, kati ya fungu la mchanga na ufukwe, hujaa kwanza. Maji yakishuka nako kuna hatari ya namna nyingine: yote yaliyo kati ya mwamba na ufukwe hutoka kupitia mianya michache ya mwamba huo, na nguvu yake ni kubwa zaidi saa ya tatu na ya nne baada ya kujaa. Bendera nyekundu ikae hapo, si mbele ya baa. Aliyevutwa asishindane na mkondo, aogelee kwenda pembeni mpaka atoke ndani yake.

Choo ndicho kinachofukuza familia kuliko kitu chochote, na nakubali kwamba kukitunza ufukweni ni vigumu kuliko mjini. Mchanga wa miguuni huziba mabomba, chumvi hula koki na komeo za chuma, na tangi hukauka saa nane mchana siku yenye watu wengi kuliko zote. Kwa hiyo bomba la kusuuzia liwe nje, kabla ya mlango wa choo, juu ya sakafu yenye mtego wa mchanga unaozolewa kila jioni. Koki ziwe za plastiki ngumu au shaba, za kubonyeza zinazojifunga zenyewe. Mtu mmoja akisuuza haraka hutumia kama lita 10, hivyo tangi la lita 5,000 huhudumia watu 500. Coco Beach siku ya Idd halifiki hata adhuhuri, kwa hiyo gari la maji liagizwe tangu jana yake. Na shimo la kawaida lisichimbwe kwenye jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina matundu, majitaka hupenya na kufika pale pale watoto wanapoogelea. Litumike tangi lililozibwa, linyonywe. Wenye Bendera ya Buluu, tuzo ya kimataifa ya fukwe safi, ambayo Afrika Kusini ilikuwa ya kwanza kuipata nje ya Ulaya mwaka 2001, hupima maji mara kwa mara na kubandika majibu ufukweni. Kikomo cha bakteria wa E. coli baharini ni 250 kwa mililita 100. Sisi tungeanza kwa kupima karibu na midomo ya mito wakati wa masika, na kuwa na ujasiri wa kuandika “leo msiogelee hapa”.

Kuhusu wauzaji, kuwafukuza ni ujinga. Mihogo ya Coco Beach na pilipili yake imerudisha watu wengi kuliko tangazo lolote. Kinachochosha ni mtu kujilaza na kuamshwa kila baada ya dakika tano na papasi mwingine, yaani mchuuzi anayeng’ang’ania wageni. Wapewe mstari wa vibanda nyuma ya mchanga, namba kifuani, na bei ya dafu na ya mtumbwi iandikwe wazi.

Nimeuacha mchanga wenyewe mwisho kwa sababu ndio unaoniudhi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka baharini ziachwe. Mwenye kiwanja hujenga hadi ukingoni, bahari ikimsogelea anaweka ukuta wa zege. Wimbi likiupiga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchota mchanga wa chini yake, na ukuta unapoishia jirani ndiye anayeliwa. Mchanga ukishashuka, maji ya bamvua yakijaa hugusa zege, hivyo saa tisa hadi saa kumi na moja jioni mgeni hana pa kutandika kanga. Kunduchi ililiwa namna hiyo, na uchimbaji wa mchanga katika mito ya Tegeta na Mbezi ulizidisha, maana mito hiyo ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe. Ambaye hajajenga aiache milakasa, ile mimea inayotanda juu ya mchanga, itambae, asiing’oe kwa kutaka usafi, na majani ya bahari yaliyokauka juu kabisa ya mstari wa maji yasizolewe na trekta. Vyote viwili hushika mchanga. Yanayooza na kunuka yaondolewe kwa reki na mikono, asubuhi, wageni hawajashuka.

Mdau wa utalii wa pwani,
Kigamboni, Dar es Salaam