Kabla ya kukata viwanja kando ya hifadhi

Baba na Mama, shikamooni. Nanyi wadogo zangu, hamjambo?

Kuhusu ule upande wa shamba unaopakana na hifadhi, nawasihi msitie saini ya kukata na kuuza viwanja mpaka ijulikane wanyama wanapita wapi. Ushoroba, yaani njia ya wanyama, mara nyingi hauandikwi kwenye ramani ya mpimaji, unasomwa ardhini. Utembeeni mpaka wote mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, mkitazama njia zilizochimbwa na kwato, vinyesi, na miti iliyosuguliwa hadi magome yakang'ara. Kila alama ichukulieni namba za mahali kwa simu, kisha ziwekwe juu ya ramani. Uzio wa kiwanja kimoja tu ukikaa katikati ya njia hiyo umeiziba yote, na tembo aliyezibiwa atapitia mashambani.

Wapo watakaowashauri kukodisha badala ya kuuza. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wenye ardhi walianza mwaka 2000 kulipwa kwa ekari ili wasiweke uzio wala kukata viwanja. Mpango ule naupenda, lakini kodi ya malisho haifui dafu mbele ya bei ya kiwanja jirani na jiji. Mkataba wenu useme muda, tarehe ya malipo, na nini kitafuata mfadhili anayelipa akiondoka.

Ukanda wa mpakani uwe malisho. Mahindi na ndizi zisogezwe karibu na nyumba, na kisima kifunikwe, maana maji ya wazi huwaita tembo kiangazi kizima.

Kwa shamba lenyewe, uzio wa mizinga ya nyuki unafaa kuzuia tembo. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa mita 254 hivi. Mkiweka mzinga kila baada ya mita 10 mtahitaji 25 au 26, nusu yake mizinga bandia ya mbao. Ining'inizwe kwa waya usawa wa kifua, na waya mwingine uunganishe mzinga na mzinga. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: waya huo wanaufunga kwenye nguzo. Tembo akiusukuma, nguzo inapokea nguvu yote, mzinga hautikisiki na nyuki hawatoki. Ufungwe kwenye mzinga wenyewe. Pakeni grisi kwenye nguzo kuzuia siafu, na kiangazi wekeni maji karibu, la sivyo nyuki watahama mavuno yakiwa bado shambani.

Uzio wa umeme nao una kazi yake: nyasi zikigusa waya, umeme unavuja ardhini, kwa hiyo lazima zifyekwe kila mara. Tena tembo hujifunza kuukata kwa pembe, kwa kuwa pembe haipitishi umeme.

Mpimaji akija, mpeni zile namba kabla hajasimika bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kwanza.

Wasalimieni wote.

Mwanenu