YAH: Kurudishiwa fedha za usiku wa Ijumaa ambao hatukuupata Samoa

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Juzi nilipopiga simu, msaidizi wenu alinijibu kwamba tulichelewa siku moja, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa. Hatukuchelewa hata dakika. Tulipanda ndege ileile mliyotukatia nyinyi, tukaondoka Pago Pago, Samoa ya Marekani, Ijumaa saa saba mchana. Safari yenyewe haikufika dakika arobaini. Tuliposhuka Upolu, kisiwa cha Samoa huru, ilikuwa Jumamosi.

Anayeuza safari za Pasifiki hana budi kulijua hili. Mwishoni mwa mwaka 2011 Samoa huru ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule mpaka wa kufikirika baharini ambapo siku hubadilika, ikairuka Ijumaa ya Desemba 30: watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Samoa ya Marekani haikuhama. Nyinyi mmetupangia vyumba kana kwamba tunavuka kutoka Unguja kwenda Pemba.

Matokeo yake, chumba cha kijiji cha Manase, kaskazini mwa Savai'i, kisiwa kingine cha Samoa huru, kilitungoja Ijumaa, hatukutokea, kikapewa wengine. Tulishuka feri Salelologa, bandari ya Savai'i, tukakodi teksi tukikimbizana na jua. Dereva alitushusha kijijini, na ndipo tulipoambiwa hatuna pa kulala. Tukaanza kutembea na mabegi kutafuta mwenyeji mwingine. Mara likapigwa baragumu la kombe. Kijana mmoja aliyejifunga lavalava, kitu kama kikoi chetu, akatuashiria tukae chini palepale. Ni saa ya sala, kila nyumba imetulia, mtu hazururi njiani. Haya nayo hamkutuandikia popote. Niliona haya kubwa, mgeni ninayeburuta magurudumu ya begi huku watu wanasali. Mama yangu ndiye hakushangaa. "Magharibi hii," alisema, akakaa juu ya begi lake.

Sala ilipokwisha, mama mmoja wa kijiji alitutoa kwenye vumbi akatupa fale yake, kibanda kisicho na kuta, mikeka chini, chandarua juu, bahari hatua chache. Hilo silalamikii. Tangazo lenu lilionyesha chumba cha kuta na kioo, lakini sijalala vizuri vile tangu niondoke Tanga.

Ratiba yenu ya Jumapili iliandika: "Asubuhi kuogelea, mchana Saleaula." Jumapili, Savai'i! Watu wote wamevaa nyeupe wanakwenda kanisani, na kuogelea siku hiyo ni kuwavunjia heshima. Kiongozi mliyemlipa kwa fedha zetu hakuja, na simlaumu. Kwa hiyo lile kanisa la kijiji cha Saleaula, ambalo lava ya mlima Matavanu iliingia ndani yake katika mlipuko wa 1905 hadi 1911, tuliliona kupitia dirisha la teksi tu, Jumamosi ile ya mbio. Badala yake mwenyeji wetu alituletea chakula kilichookwa kwa mawe ya moto: mashelisheli, magimbi, samaki, na majani ya magimbi yaliyofungiwa tui zito. Mama alionja akasema, "Hili ni kasimile." Walizungumza mchana kutwa, kila mmoja kwa lugha yake, wakielewana kuliko mimi ninavyoelewana na ofisi yenu.

Ninachodai ni hiki. Mturudishie dola 140 za usiku wa Ijumaa na dola 95 za ziara ya Jumapili, risiti nimeziambatisha. Zaidi ya hapo kuna deni la yule mama, ambaye alikataa kabisa kupokea malipo ya usiku wa kwanza. Sisi tulimwachia kanga mbili za mama yangu. Chumba mliuza nyinyi, mzigo akaubeba yeye, basi mtumieni bei yake kamili. Nitawapa njia ya kumfikia mkiniandikia.

Pia lile neno "kijiji kitulivu kisicho na watu" liondoeni kwenye tangazo. Watu wapo, na wana ratiba yao.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Tafadhali msinipigie simu kuniuliza kama nina uhakika wa tarehe.

Mteja wenu,
kwa niaba yangu na ya mama yangu