Kwako mwanangu unayesomea urubani: kuhusu yule binti wa Njoro

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, nimeiona ile picha uliyotuma kwenye kikundi cha familia. Rubani Beryl Markham na kofia yake ya ngozi, na chini yake umeandika, "Msichana aliyelelewa na nyika." Nilikupongeza kwa kifupi kwa sababu niliyokuwa nayo moyoni hayakuenea kwenye simu. Nayaweka hapa, na wengine wayasome.

Nyika hailei mtoto. Beryl alilelewa na watu, na wengi wao hawapo kwenye picha yoyote.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Baba yake, Charles Clutterbuck, alifika huku Kenya 1904, akapata shamba Njoro. Akakata miti ya kuuzia reli, akaweka vinu vya kusaga nafaka, akafuga farasi wa mashindano. Vitabu vya walowezi huwaita watu kama yeye waanzilishi, na sikatai kwamba walitoka jasho. Ila mwaka uleule wa 1904 Waingereza walifanya mkataba wa kuwahamisha Wamasai kutoka pande za Naivasha na Nakuru kwenda Laikipia, ili ardhi iliyo karibu na reli wapewe walowezi. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba Bonde la Ufa lilikuwa pori tupu, jiulize waliokuwamo walikwenda wapi.

Mama yake hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, Beryl akabaki na baba ambaye mchana kutwa yuko vinuni au kwenye mazizi. Mtoto akaangukia mikononi mwa Wakipsigis na Wanandi waliofanya kazi shambani. Akajua lugha yao na Kiswahili, akatembea peku, akajifunza kurusha mkuki. Arap Maina alimchukua kuwinda, na Kibii, mwana wa arap Maina, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kucheza. Hapa mimi husimama kila nikisoma habari zake. Mabinti wa watu hao wenyewe hawakuruhusiwa kwenda kuwinda na wanaume! Beryl aliruhusiwa kwa kuwa ni mtoto wa bwana shamba.

Kisha ukame ukaja. Mzee Clutterbuck alikuwa ameahidi kutoa unga kwa bei iliyokwisha kupangwa, mvua ikakosekana, nafaka ikapanda bei, naye akawa ananunua ghali na kuuza rahisi hadi akafilisika. Akaenda zake Peru kufunza farasi. Bintiye, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, alikataa kumfuata. Akaomba leseni ya kufunza farasi wa mashindano, akawa mwanamke wa kwanza kuipata Kenya. Kibii, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayeitwa arap Ruta, akaenda kufanya kazi naye. Ni miaka hiyohiyo serikali ilipoanza kuwalazimisha wanaume Waafrika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha kuvaa shingoni. Rafiki wawili wa tangu utotoni, mmoja ana leseni mkononi, mwingine ana kipande shingoni. Hilo halimfanyi Beryl kuwa mtu mbaya, lakini usimsimulie bila hilo.

Sasa tuje kwenye ndege, maana najua ndiko unakotaka kufika. Alifundishwa Nairobi mwaka 1931 na Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways, kampuni ya Florence Kerr Wilson, mwanamke ambaye uwanja unaofanyia mazoezi una jina lake. Ruta naye akahama kutoka mazizini hadi kwenye banda la ndege. Beryl akabeba abiria na barua, na akawatafutia wawindaji matajiri makundi ya ndovu kutoka angani. (Hiyo kazi ya ndovu siipendi hata kidogo.)

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 akaruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York. Wengi walipendelea kuvuka Atlantiki kutoka Marekani kuja Ulaya kwa sababu upepo unakusukuma, ila yeye alikwenda kinyume chake. Hakuwa na redio. Ndani ya ndege mlikuwa na matangi ya ziada, na kila moja lilipokauka injini ilizimika, naye gizani, juu ya bahari, akapapasa vali ya tangi jingine mpaka injini ikashika tena. Ndege ilikaa angani zaidi ya saa ishirini na moja. Mwishowe barafu ikaziba tundu la hewa la tangi la mwisho, mafuta yakakatika, akaanguka kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada, pua ya ndege imezama matopeni. Alitoka na jeraha kwenye paji la uso. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake upande huo kabla yake. Ukiwa unasomea mtihani wa hali ya hewa, sura ya barafu usiiruke.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka 1942 na kikasahaulika. Aliishi Marekani, akarudi Kenya, akashika tena farasi, na Kenya Derby akaishinda mara sita. Uzeeni aliishi kwenye nyumba ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, fedha zikiwa haba, hadi kitabu kilipochapwa upya 1983 na pesa kidogo zikaingia. Wapo wanaosema aliyekiandika ni mumewe wa tatu. Mimi nasema mume hakukulia Njoro.

Alifariki Nairobi Agosti 1986, mwezi mmoja tu kabla safari ile haijatimiza miaka 50.

Baba yako anakusalimu. Salio la ada nitalituma kwa M-Pesa wiki ijayo, usiwe na wasiwasi.

Ni mimi shangazi yako.