Barua ya wazi kwa Mjomba: rasta waliopiga panki

Shikamoo Mjomba,

Kwenye harusi ile ulisema, watu wote wakisikia, kwamba muziki wa panki, ile roki ya kasi, ni kelele za vijana wa Kizungu wasiojua hata kushika gitaa. Nilinyamaza kwa heshima. Leo nakujibu, na watu wote wasome pia, maana nimekuwekea video ya kutazama na udhaifu wako naujua: rege.

Ni bendi ya Bad Brains wakiwa kwenye ukumbi wa CBGB, New York, Desemba 1982. Ukumbi ni mwembamba na mchafu, jukwaa liko chini kiasi kwamba mtu yeyote anapanda akitaka. Bendi yenyewe ni vijana weusi wanne kutoka Washington: H.R. anaimba, mdogo wake Earl Hudson yuko kwenye dramu, Dr. Know gitaa, Darryl Jenifer besi. Na hawakukimbilia panki kwa kushindwa muziki. Walianzia kwenye jazi iliyochanganywa na roki, ile inayomtaka mpigaji awe amefundwa kweli, ndipo Ramones, bendi ya panki ya New York, wakawateka. Hata jina la bendi limetoka kwenye wimbo wa Ramones.

Ndiyo maana mbio zao zina adabu. Mtazame Earl: kasi ile, na bado kila mkato unaangukia mahali pake, wote wanne wanasimama kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Singo yao ya mwaka 1980 haifiki hata dakika mbili, lakini imejaa kona. H.R. hatulii. Anatetemeka, anarukaruka, huku vijana wakimpanda mgongoni na kujitupa juu ya vichwa vya wenzao. Anachoimba katikati ya vurugu hiyo ni fikra chanya! Alizitoa kwa Napoleon Hill, Mjomba, yule yule ambaye vitabu vyake hupangwa chini kando ya barabara pale Dar.

Halafu wanafunga breki. Besi inazama, gitaa linabaki kukwangua kwa mbali, Earl anaacha lile pigo la kwanza wazi kama unavyolipenda, na H.R. anamwita Jah, Mungu wa marasta, kwa sauti nyororo ambayo huwezi kuamini ni ya mtu yule yule. Sasa watazame watazamaji. Waliokuwa wanarushana hawajui wafanye nini na mikono yao.

Wapo wanaosema rege hapo ni mapumziko tu, wapate pumzi. Sikubali. Hawa walikuwa marasta kweli, na mwishoni mwa miaka ya sabini walikuta kumbi za mji wao zimewafungia milango, hadi wakatunga wimbo kuhusu hilo na kuhamia New York. Panki iliwapa mahali pa kuweka hasira, rege ikawapa wa kumlalamikia. Ukiondoa moja, nyingine haieleweki. (Haya, nakukubalia hili: kwa rege peke yake, watu wa Kingston kule Jamaika wangewafunga mabao mengi.)

Tafadhali usitazame kwenye simu, simu inameza besi. Unganisha na zile spika zako kubwa, majirani watavumilia, wameshakuzoea. Na usirushe mbele hadi kwenye rege. Nakujua.

Mpwa wako